Neno la Kushusha Mashua

Makongeni, Nairobi
18 Februari 1996

Shemeji yangu Norah,

Amani ya Bwana wetu iwe nyumbani mwako, ikutangulie uamkapo na ikulinde ulalapo. Sisi huku tu wazima kwa rehema zake. Mke wangu Truphena anakusalimu, magoti yanamsumbua, lakini Jumapili hufika kanisani kabla ya mlinzi kufungua lango. Mwanetu Frankline amepandishwa cheo kidogo katika ofisi ya reli, na ni kwa ajili ya kazi yake tunaendelea kukaa katika nyumba hii, maana mimi mstaafu sina haki nayo tena.

Tangu tulipomzika ndugu yangu Yakobo mwezi wa Novemba, mara nyingi nimepiga magoti nikaanza kumwombea afya, kama nilivyozoea. Nikifika katikati hukumbuka, nikanyamaza, kisha nikakutaja wewe na binti yenu Clare.

Barua yako imeuliza mambo mawili. La kwanza, chambo gani kinafaa kwa samaki gani na kwa majira gani, kwa kuwa Yakobo alikuachia ndoano bila kukuachia maarifa yake. La pili, kwamba mimi, ndugu yake wa pekee, nitoe neno ili mashua yake irudi majini ingawa umekataa kurithiwa na mume mwingine wa ukoo. Umeniarifu kwamba wavuvi hawataipanda. Wanashikilia kwamba mashua ya marehemu hukaa nchi kavu mpaka mjane wake apate mrithi, na kwamba atakayeipanda kabla ya hapo, ziwa litamchukua.

Nitajibu la kwanza. Katika kiangazi hiki maji ni meupe na samaki huona mbali, kwa hiyo uzi uwe mwembamba na ndoano ifichwe yote ndani ya chambo. Ngege mtafute asubuhi, ukingoni mwa mafunjo, kwa nyungunyungu au donge la ugali mgumu. Mvua ndefu ikianza, mto Sio utamwaga maji ya udongo ziwani. Hapo ngege huacha kuona, na mumi, ambaye huwinda kwa ndevu zake, hutoka. Mpe matumbo ya kuku au kipande cha sabuni ya kufulia. Usicheke, sabuni humvuta kuliko nyama. Sangara hataki kitu kilichokufa. Mtege kwa fulu, yule samaki mdogo wa mawe, aliye hai, aliyetobolewa chini ya pezi la mgongo ili aendelee kuogelea. Fulu wamejaa kwenye mawe, watoto huwachota kwa kikapu.

Hilo la pili tuliweke kwanza katika maombi.

Ndimi shemeji yako katika Kristo,
Nahashon


Ufuo wa Khamanga, Sio Port
31 Machi 1996

Shemeji yangu Mzee Nahashon,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na dada yangu Truphena. Mwambie achemshe majani ya mkaratusi na kujikanda magoti nayo yakiwa moto. Huku mvua imeanza. Clare anafundisha watoto wa chekechea kanisani, na sauti imemkauka kwa kuimba nao. Mama yako mzee bado anakula vizuri, na bado ananiuliza Yakobo amekwenda wapi. Mimi humjibu kwamba yuko safarini.

Nakushukuru kwa mafundisho ya chambo. Mumi na sabuni ni kweli; nilijaribu kwa uzi wa mkono, nikiwa nimesimama kwenye jiwe. Ila fulu, shemeji, hawapo. Sangara aliwala wakaisha, wewe ukiwa Nairobi. Clare ana miaka ishirini na miwili na hajapata kuwaona watoto wakiwachota kwa kikapu. Siku hizi wenye ndoano hutumia vitoto vya mumi, au omena, wale dagaa wa ziwa letu, wakiwapata wabichi. Tena kuna gugu maji. Asubuhi ghuba ni bahari ya majani, jioni upepo umeyasukuma kwingine, na anayevua kwa jiwe kama mimi huweza kukaa siku nzima akitazama shamba la kijani.

Ndiyo maana nahitaji mashua. Ufuoni wananidhihaki kwa adabu. Wandera, aliyekuwa akipiga kafi mbele ya Yakobo, aliniambia, "Mama Clare, sisi hatukukatai wewe. Tunakataa kufa." Nikamjibu, "Na njaa nayo mnaikubali?" Akacheka, lakini hakuja. Binamu yenu Egesa huwaambia wote kwamba yeye yuko tayari kunirithi hata kesho, kana kwamba mimi ndiye ninayechelewesha karamu.

Kwa swali langu la pili sikuona jibu. Nilidhani ukurasa umebaki ndani, nikaikung'uta bahasha.

Shemeji yako,
Norah


Makongeni, Nairobi
28 Aprili 1996

Shemeji yangu Norah,

Nashukuru kwa mkaratusi. Truphena amepata nafuu, na sasa analalamika kuhusu bega. Mvua imetukuta huku pia. Barabara ya Jogoo inapitika kwa subira, na uwanja ulio mbele ya nyumba zetu umekuwa bwawa ambamo watoto wanaelea juu ya vipande vya mbao.

Habari ya fulu imeniuma. Niliondoka ziwani mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na saba, na nikadhani maji yangenisubiri jinsi nilivyoyaacha.

Nimetafakari jambo jingine badala ya chambo kilicho hai. Zamani katika karakana ya reli nilikuwa na mwenzangu aliyekuwa akivua sangara kwa samaki wa chuma, yaani kipande cha metali kilichokatwa kama jani na kupindwa kidogo kiunoni. Kikivutwa nyuma ya mashua hujipindua na kumeta, na sangara hudhani ni samaki mgonjwa anayekimbia. Nimekwenda Kariobangi kwa mafundi wa jua kali kutafuta shaba na bati nene. Kijana aliyenikatia aliniuliza, "Buda, unamtengenezea nani herini?" Nilipomwambia ni za sangara alitaka kujua kama sangara ametobolewa masikio. Nimezisugua na kuzipinda mwenyewe kwenye jiko. Mwinjilisti wenu, ambaye yuko hapa kwa semina, atakuletea.

Ya shaba nyekundu itumie sasa, maji yakiwa ya udongo, maana ndiyo rangi ionekanayo ndani ya tope. Ivute polepole na karibu na chini. Ya bati jeupe iweke hadi Juni na Julai, upepo wa kusi ukivuma. Wakati huo ziwa hujigeuza, maji baridi ya chini hupanda, na sangara husogea kwenye miamba ya kina kifupi. Hapo mashua iende haraka kidogo, na uzi usilegee kamwe.

Kuhusu lile la pili, wazee wa ukoo wanaoishi Makongeni na Muthurwa watakutana mwezi wa Juni, na mimi ndiye mwenyekiti wao. Si vema nitangulie kusema kabla ya kuwasikiliza.

Wako katika Bwana,
Nahashon


Ufuo wa Khamanga
9 Juni 1996

Shemeji yangu,

Sote tu wazima, na natumaini nanyi pia.

Samaki zako za shaba na bati zimefika. Ni nzuri mno, na Clare amezipenda. Lakini umenifundisha kuzivuta nyuma ya mashua, kwa mwendo wa polepole na kwa mwendo wa haraka, na mashua iko nchi kavu, imefunikwa kifudifudi tangu Novemba. Jua limeanza kuzikausha mbao. Nikitia mkono chini yake naona mwanga ukipita kwenye maungio. Fundi amesema ikimaliza mwaka mzima hivi haitakuwa mashua tena, itakuwa kuni.

Egesa huja kila Jumamosi. Hukaa kwenye kiti cha Yakobo bila kukaribishwa, akaniuliza habari za mifupa yangu, kama haisikii baridi usiku.

Shemeji, wewe ulisimama kwenye mimbari ya kanisa letu mwaka juzi ukasema kumrithi mjane si desturi ya watu waliokombolewa. Nilikuwepo, na Yakobo alikuwa kando yangu. Nakuomba neno moja tu, ndiyo au siyo.

Norah


Makongeni, Nairobi
30 Juni 1996

Shemeji yangu Norah,

Neema na iwe kwako. Truphena anakusalimu, na mbele utaona kwamba ana la kuongeza.

Wazee wamekutana. Nilisimama nikasema wazi kwamba mimi sitamrithi mke wa ndugu yangu, wala sitamshauri mwingine amrithi. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mmoja wao, mtu wa busara na mshiriki wa meza ya Bwana kama mimi, akasema, "Mwenyekiti, hakuna aliyekutuma utende dhambi. Toa koti lako tu." Unaijua njia hiyo ya wazee wetu: koti la ndugu wa marehemu hutundikwa nyumbani kwa mjane, likalala usiku mmoja, na kwa desturi huhesabiwa kwamba amerithiwa. Asubuhi huondolewa. "Koti halina miguu," akasema, "halitatoka msumarini." Wote wakacheka, na jambo likapita.

Niliwaza usiku na mchana. Nimeona kwamba kwa njia hii wavuvi wataondolewa hofu, Egesa ataondolewa kitini, na mimi na wewe tutabaki bila waa mbele za Mungu, ambaye hutazama moyo wala si ukuta. Kwa hiyo natuma koti langu jeusi kwa mkono wa mwinjilisti, aliyerudi tena huku.

Truphena alinitazama nikilikunja. Akasema, "Haya, koti lako linaoa kabla hujaniomba ruhusa. Je, likirudi nalo lina mimba, nitalilea?" Nilimkemea kwa upole. Chakula cha jioni nilipewa na mke wa Frankline.

Upepo wa kusi sasa umeanza. Tumia bati jeupe.

Nahashon


Ufuo wa Khamanga
14 Julai 1996

Shemeji yangu Mzee Nahashon,

Salamu nyingi kwa Truphena, na pole zangu kwake. Mwambie nimecheka peke yangu jikoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msiba.

Nakurudishia koti lako. Halikuingia nyumbani mwangu. Lililala kwa mwinjilisti, na mke wake ni shahidi.

Nisikilize kwa uvumilivu, maana sijazoea kusema na wakubwa hivi. Nikilitundika, Egesa atasimulia, na wavuvi watasimulia, kwamba Norah amerithiwa na Nahashon. Wataipanda mashua kwa furaha, na nitakuwa nimekubali kwa ukuta lile nililolikataa kwa kinywa. Unasema Mungu hutazama moyo. Ni kweli. Lakini wajane wa ufuo huu hawana macho ya Mungu; wao watatazama ukuta. Yuko mmoja hapa jirani, kijana kuliko Clare kwa miezi michache, amefiwa mwezi wa Mei. Kila siku huniuliza, "Mama, wewe wamekuachaje?" Nikitundika koti, nimjibu nini?

Nilikuomba neno, ukanitumia kitambaa.

Kwa sasa navua kwenye jiwe langu kwa nyungunyungu. Ngege ni wachache, na baridi ya asubuhi inaingia mifupani, ile ambayo Egesa huiulizia.

Shemeji yako anayekuheshimu,
Norah


Makongeni, Nairobi
1 Septemba 1996

Shemeji yangu Norah,

Nisamehe kimya hiki. Sina ugonjwa wa kukitolea sababu. Sote tumekuwa wazima, na kalamu ilikuwa mezani.

Barua yako niliisoma, nikampa Truphena akaisoma. Alipomaliza aliikunja akanirudishia, akasema tu, "Basi." Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kuhubiri. Nilimwomba kasisi anitoe katika zamu, naye akadhani koo linaniuma.

Hili hapa neno ulilolitaka. Nimeliandika pia katika karatasi ya pili, lisomwe mbele ya wazee na wavuvi wa ufuo baada ya ibada:

"Mimi Nahashon, mwana wa baba mmoja na mama mmoja na marehemu Yakobo, nasema hivi nikiwa na akili timamu. Mke wa ndugu yangu hajarithiwa nami, wala na koti langu, wala na mwingine, na hatarithiwa asipotaka. Mashua ni yake. Ishushwe majini siku atakayochagua, na apande mwenyewe. Kama kuna laana, na inifuate mimi niliyesema, maana namtumaini Mungu aliye juu ya maji."

Jambo hili nimewaambia wazee wa huku kabla ya kukuandikia. Wamenipumzisha uenyekiti. Mmoja aliniuliza nani atanisindikiza nyumbani siku nitakapokufa, ikiwa ukoo hautakuja kubeba jeneza. Nilimwambia reli bado ipo.

Kiangazi kifupi hiki maji yametulia, ila sijui tena kama ninayoyajua yanafaa. Niambie wewe: sangara yuko wapi sasa, na anakula nini?

Nahashon


Ufuo wa Khamanga
22 Septemba 1996

Shemeji yangu,

Mungu akulipe mahali ambapo watu wamekunyang'anya. Mama yako ana kikohozi, lakini si kikali.

Neno lako lilisomwa Jumapili iliyopita, chini ya banda la kupimia samaki. Mwinjilisti alilisoma polepole, kisha tena kwa lugha yetu ya nyumbani ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Egesa aliondoka akitema mate. Wazee wa ufuo wakasema hawana tena kizuizi.

Nikauliza, "Basi nani atashika kafi nami kesho?" Hakuna aliyeinua mkono. Nilimtazama Wandera mpaka akalazimika kusema. Alisema, "Mama Clare, Mzee Nahashon ameandika vizuri, na laana ameiita kwake. Lakini yeye yuko Makongeni. Ziwa liko hapa, na halijui kusoma."

Nakuandikia ili ujue kwamba si kosa lako.

Umeuliza kuhusu sangara. Amehamia nje ya gugu maji, mahali jani linapoishia. Omena hujificha chini ya kivuli cha majani, naye huwangoja wanapochungulia. Yakobo hakupata kuyajua hayo; gugu halikuwa limejaa hivi siku zake. Mimi nimeyaona kutoka kwenye jiwe, nikiwa na muda wa kutazama.

Norah


Makongeni, Nairobi
6 Oktoba 1996

Shemeji yangu Norah,

Wandera amesema kweli, na nimeshukuru kwamba ameisema waziwazi. Sina ruhusa ya kuwataka watu waweke miili yao pale ambapo mimi nimeweka wino.

Nitapanda basi la Busia Jumatatu ya tarehe ishirini na moja. Nakuja na pamba, lami na patasi yangu ya karakana. Tafadhali mwombe fundi aanze kuigeuza mashua ili tuzibe maungio pamoja. Tukimaliza, wewe na mimi tutaishusha mchana, kila mtu akitazama. Mimi nitapiga kafi mbele. Sijaingia majini tangu nilipokuwa kijana, kwa hiyo utaniamuru.

Truphena amenifungia nguo mwenyewe. Nilimuuliza kama anaogopa. Alisema, "Naogopa. Nenda."

Nahashon


Ufuo wa Khamanga
1 Desemba 1996

Shemeji yangu Mzee Nahashon,

Tumeshukuru kusikia kwamba ulifika Makongeni salama na kwamba mikono yako imeanza kupona malengelenge. Mama yako amepona kikohozi. Anauliza yule mzee aliyekuwa akitapika kando ya mashua ni nani. Nimemwambia ni mwanawe. Amesema mwanawe hatapiki ziwani.

Kuna mambo ambayo sisi wawili hatukuyaona siku ile ya kuishusha mashua, kwa kuwa tulikuwa tumewapa watu mgongo. Clare amenisimulia. Anasema tulipoanza kuisukuma, wanawake waliokuwa wakianika omena walisimama wote, na hakuna aliyesaidia wala aliyeondoka. Egesa alisema kwa sauti, "Jeneza moja halitawatosha." Hakuna aliyecheka. Tulipolifikia jani na kugeuka kandokando yake, mjane yule kijana wa jirani alipanda juu ya jiwe langu ili aone zaidi. Wandera alikaa mchangani, akaficha uso katikati ya magoti mpaka aliposikia watu wakisema tunarudi. Yule sangara mmoja, urefu wa mkono wangu, aliyekamata ile ya bati wakati wewe hukuweza hata kuinua kichwa, walimpitisha mikononi kama mtoto mchanga wakimtazama kama ana alama ya laana.

Ulipokuwa ukipita ufuoni kila asubuhi kuwasalimu, ulidhani wanakupenda. Walikuwa wakikuhesabia pumzi. Clare alikuwa akisimamishwa kisimani: "Mzee ameamkaje? Amekula?" Ulipoondoka, walisema bila shaka laana itakupata njiani. Salamu zako zilipofika, mwinjilisti alizitoa mbele ya kanisa. Watu waligeuka kunitazama, na wengine wakatazama sakafu.

Hakuna aliyekuja wiki hiyo, wala iliyofuata. Nilitoka na Clare mara mbili, karibu na ukingo tu, maana mikono yetu haitoshi kuivuta mashua hadi nje ya gugu.

Jana alfajiri nilifungua mlango nikamkuta Wandera amesimama uani na kafi lake begani. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Hakunisalimu. Nikamuuliza, "Umekuja kufanya nini?"

Akatazama upande wa ziwa, akasema, "Leo upepo umetulia."

Nikachukua uzi wangu, tukateremka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha nyuma, anapokaa mwenye kuiongoza mashua, akakishika kwa mkono. Nikamwambia asogee mbele, nyuma ni pangu. Akasogea.

Shemeji yako,
Norah